Madigadi ya Manjano

Pikipiki ya baba yangu iliingia Nairobi imelala juu ya magunia ya mbaazi, na kabla haijashushwa ilikuwa imeshanigombanisha na kaka yangu.

Baba alikuwa afisa wa mifugo. Kwa miaka mingi alizunguka vilima vya Ukambani akichanja ng'ombe na mbuzi, na serikali ilimpa pikipiki ya porini, ile aina ya Kijapani yenye miguu mirefu na kiuno chembamba, madigadi yake ya mbele ikiwa imeinuliwa juu sana ili matope yasikwame kwenye gurudumu. Alipostaafu, pikipiki ilipelekwa mnadani pamoja na meza na makabati ya ofisi, naye akaenda akainunua. Mama alilalamika kwamba mwanamume mwingine angenunua ng'ombe. Baba akamjibu kwamba ng'ombe alishawashika wa kumtosha.

Alitutoka miaka minne iliyopita. Pikipiki ikabaki kando ya ghala, jua likiipiga na kuku wakitagia juu ya kiti chake. Goti la Mama lilipoharibika, niliamua aje akae nami hapa Kangemi, awe karibu na hospitali. Akakataa katakata kupanda gari mpaka pikipiki ipakiwe kwanza. Kaka ndiye mwenye pikapu, na alinung'unika kutoka Machakos mpaka Waiyaki Way. Alikuwa ameshampata mnunuzi wa vyuma vikuukuu, na sasa mali yake ilikuwa inahamishiwa mjini mbele ya macho yake.

Ploti yetu si kubwa. Ni nyumba sita zinazotazamana, kamba za nguo katikati na tangi la maji pembeni. Mwenye ploti, mama aliyezaliwa papo hapo wakati Kangemi ingali mashamba ya viazi, alituruhusu kuiegesha nyuma ya tangi, mradi isimchafulie ukuta. Kila asubuhi Mama alitoka na kiti chake cha plastiki, akanyoosha lile goti juani, akanywa chai akiitazama. Nilidhani inamfariji. Wiki ya tatu akaniita.

"Mwaitu," alisema.

Mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake mzazi, na kwetu mtoto wa namna hiyo huitwa mama hata na aliyemzaa. Kwa hiyo yeye huniita Mwaitu, yaani mama yangu, nami humwita Mwaitu, na mgeni akitusikia hushindwa kujua nani kamzaa nani.

"Mwaitu, ile kitu iondoke. Siwezi kunywa chai nikiangalia mifupa."

"Si mifupa. Ni pikipiki ya Baba."

"Ya baba yako ilikuwa na sura. Hii haina."

Ilinibidi niitazame upya, na kweli sura haikuwapo. Madigadi ya nyuma ilikuwa imekatika nusu. Kava moja ya ubavuni ilipotea zamani, na nyingine ilikuwa imekauka hata ukiigusa inamong'onyoka mkononi kama biskuti. Madigadi ya mbele tu ndiyo ilikuwa nzima, tena nzima ya kusema: ilikuwa na ufa mrefu katikati, na ule ufa ulikuwa umeshonwa kwa waya.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Ofisini, mjini, wenzangu wakiona nimevua miwani hukumbuka ghafla kwamba wana kazi ghorofa nyingine. Siku ile nilivua miwani mbele ya mama yangu mwenyewe, Mungu anisamehe.

"Na nikiirudishia sura yake?"

Mama akafikiri. Akanywa chai mafunda mawili. "Nikiitambua, itakaa. Nisipoitambua, kaka yako ataichukua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na usinililie."

Nikakubali hapo hapo, wala sikuuliza kutambua kwenyewe ni kutambua nini.

Lazima niseme kwa nini niling'ang'ana. Shamba la Baba liliwaendea wavulana, kama kawaida. Mimi nilipata saa yake ya mkononi, iliyosimama. Lakini pikipiki ndiyo aliyonifundisha mimi, si wao. Kaka aliiogopa, na anaiogopa hadi leo ingawa atakataa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimevaa sketi ya shule na suruali ya Baba ndani yake, naye akikimbia nyuma yangu kwenye uwanja wa josho akipiga kelele, "Achia klachi! Achia polepole, wewe!" Nilitaka kitu kimoja cha Baba ambacho mikono yangu inakijua.

Fundi niliyempata hufanya kazi kando ya Waiyaki Way, chini ya ngazi za daraja la waenda kwa miguu. Ni mzee wa makamo kutoka Magharibi, mwenye miwani iliyofungwa kwa ukanda wa mpira, na wateja wake wote ni watu wa bodaboda. Mpole mno. Injini aliiwasha siku ya tatu, akaisikiliza ameinamisha kichwa, akaizima.

"Dada, moyo iko sawa kabisa," akaniambia. "Shida ni nguo. Hii imetembea uchi kitambo."

Nguo zenyewe zilikuwa madigadi mbili, kava mbili za ubavuni na ule uso wa plastiki unaoshika taa. Kampuni iliyoiunda pikipiki ile iliacha kutengeneza vipande vyake zamani, lakini fundi alisema kuna vya kuiga vinavyoingia River Road, kwenye maduka ya spea mjini, na kwamba vingine hukubali ukivibembeleza. Swali likawa rangi, maana jua lilikuwa limeifuta yote. Nikauliza kwenye kundi la familia la WhatsApp. Kaka akaandika nyekundu. Dada yangu aliyeko Mombasa akaandika nyeupe, tena kwa herufi kubwa. Wakagombana jioni nzima mpaka shangazi mmoja akawatumia zaburi. Kesho yake fundi alifungua kiti, na chini yake, kwenye kipande cha madigadi ya nyuma ambacho jua halikukifikia hata siku moja, tukaona manjano iliyokolea, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nilisimama pale barabarani nikacheka peke yangu. Mara moja nikamwona Baba akishuka kilima kile kilichoelekea kwetu, doa la manjano likitangulia vumbi.

Fundi akanishauri niende na madigadi ya mbele, nikalinganishe matundu. Nikaifunga kwa leso na kwenda nayo kazini. Askari wa mlangoni akaiona imechomoza kwapani.

"Madam, hiyo ni nini?"

"Ni madigadi."

"Ya nani?"

"Ya marehemu."

Akanifungulia haraka haraka, nadhani akiogopa kuuliza zaidi. Asubuhi nzima ilikaa chini ya meza yangu, na saa ya chakula nikateremka nayo kwa miguu, nikipita wachuuzi na foleni za benki, mpaka River Road.

Ukiwa mwanamke wa umri wangu, mwenye viatu vya ofisini, River Road inakuita mama kabla hujafika. Duka la kwanza wakanionyesha kofia ngumu za waridi. Duka la pili wakaniuliza kama mzee wangu yuko kwenye simu waongee naye. Nikavua miwani, nikatoka. Duka la tatu lilikuwa la mwanamke, mnene, mcheshi, amekaa kwenye kigoda katikati ya spea zinazoning'inia hadi dari.

"Sasa, mum. Unatafuta nini?"

Nikafungua leso. Akaichukua madigadi, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya ule mshono wa waya, kisha akacheka mpaka akashika kifua.

"Nani alishona hii? Ni ya pikipiki ama ni kiatu?"

Watu wawili waliokuwa dukani wakasogea kuona, nao wakacheka. Na mimi nikacheka. Ningeweza kunyamaza, lakini nilicheka, tena nikaongeza la kwangu: nikasema ni fundi fulani wa kijijini, huko hata gamba la kobe wanalishona. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona haya. Mshono ule niliukuta pale tangu nina akili, na sikuwahi kuuliza ni wa nani, kama vile mtu haulizi nani alichimba choo cha kwao.

Lakini mama yule aliijua kazi yake. Alipanda ngazi, akashusha gunia, akatoa vipande vya manjano vilivyokunjwa vikafanana na chapati. Tulipima tundu kwa tundu. Mawili yalikubali, mawili yakapita pembeni kwa upana wa kidole gumba.

"Hizo fundi atakutobolea. Kwani ni ya kupeleka mashindano?"

"Ni ya kumpelekea mama yangu."

"Basi itabidi ikae vizuri," akasema, na mara hiyo hakucheka.

Nilipokuwa nikifunga mzigo, aliinua ile madigadi ya zamani. "Na hii, mum? Unarudi nayo?"

Mikono yangu ilikuwa imejaa. Saa ya chakula ilikuwa inaisha. Nikamwambia aitupe, akaitupia kwenye rundo la vipande vilivyovunjika nyuma ya mlango. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wenye kujua. Mimi niliuacha, na nikarudi ofisini nimefurahi kabisa.

Siku nne zilizofuata, kila nikitoka kazini na mapema Ijumaa nilipochukua ruhusa, nilikaa kwenye kigoda chini ya zile ngazi nikimsaidia fundi. Sijui kama kuna kazi tamu kama ile. Plastiki mpya ikitoka kwenye gunia huwa imejipinda vibaya, basi anaiweka kwenye beseni kubwa, anaimwagia maji ya moto kutoka kwenye sufuria ya mama muuza chai, na unaiona inalegea na kukumbuka umbo lake. Halafu anailaza juani. Ili kupata mahali pa tundu, anapaka chaki kwenye kichwa cha boliti, anaibana plastiki dhidi yake kwa kiganja, na ukiigeuza unakuta duara jeupe. Hatoboi kwa kekee. Anapasha msumari moto kwenye jiko, anausukuma polepole. Kekee inararua, alinieleza, lakini msumari wa moto unayeyusha na kuacha ukingo mnene usiopasuka. Washa, zile pete za kukaa chini ya boliti, alizikata kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, chuma kisije kikauma plastiki.

Na alikuwa na sheria moja, aliyoirudia kila nilipogusa spana. "Dada, shikisha zote kwanza. Zote. Usikaze hata moja mpaka zote zishike."

Maana yake ni hii: unaingiza kila boliti mizunguko miwili mitatu tu, kipande kining'inie kikichezacheza, kipate nafasi yake chenyewe. Zote zikishashika ndipo unazunguka moja baada ya nyingine, kidogo kidogo. Ukiikaza moja mapema, umekivuta kipande kizima upande wake, na mahali pengine patalipa.

Nilimwelewa. Lakini Ijumaa mchana bodaboda mmoja alikuja amekatika mnyororo, fundi akaniacha na kava ya ubavu wa kushoto, kipande cha mwisho kabisa. Boliti tatu zilikuwa zimeshika. Ya nne ilikuwa inazungukazunguka mahali pake bila kuingia. Nikangoja. Nikaona fundi anacheka na mteja wake. Nikaona jua linashuka na Jumamosi inanijia. Nikaichukua spana nikaikaza ile ya juu, ili angalau moja iwe imekwisha, kisha nikaisukuma ya nne kwa nguvu.

Ikalia ta!

Ufa ulitoka kwenye tundu ukashuka ubavuni, urefu wa kiganja. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nimeandikiwa methali hiyo kwenye ripoti ya shule na bado sikuisikia.

Fundi alikuja. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Dada," aliuliza kwa upole uliouma kuliko kelele, "mimi niliongea Kiswahili gani?"

Muda wa kurudi mjini ulikuwa umepita. Alikifunga kilichobaki, na kava ikakaa vizuri isipokuwa ule ufa. Mimi nikavuka barabara, nikanunua kibandiko kirefu kilichoandikwa MUNGU MBELE, nikakipachika juu yake. Fundi alikitazama, akakohoa.

Kisha nikaiendesha mpaka nyumbani. Si mbali, ni kupita soko na kuteremka kidogo, lakini sijaisahau safari ile. Manjano ilikuwa inawaka mbele yangu. Wauza sukuma wakasimama. "Mathe amewaka!" mmoja akapiga ukelele, na mwingine akapiga vigelegele kama harusini. Mama alikuwa amelala, nikaifunika kwa shuka. Usingizi wangu ulikuwa mzuri, wa mtu mwenye uhakika.

Jumamosi kaka alifika mapema na pikapu, na kamba begani. Alikuwa na hakika yake pia. Fundi naye alikuja, kwa sababu, alisema, kazi isiyoonwa na mwenyewe haijaisha. Mama akakaa kwenye kiti chake. Nikaondoa shuka.

Akaitazama kwa muda mrefu. Majirani wawili walisimama na nguo mbichi mikononi.

"Ni nzuri," alisema Mama. "Ni ya nani?"

Nilidhani anatania. "Ni yake, Mwaitu. Rangi ndiyo ile. Tuliikuta chini ya kiti."

"Rangi ni hiyo." Akajiinua, akashika fimbo, akaja mpaka mbele ya pikipiki. Akaweka kiganja juu ya madigadi mpya, kisha akaingiza vidole chini yake na kuipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayepima kibuyu sokoni. Akarudia. Vidole vikatoka vitupu.

"Mishono yangu iko wapi?"

Sikuelewa. Kisha nikaukumbuka ule waya.

Alisimulia kwa maneno machache, akimwambia fundi zaidi kuliko mimi, akikitia Kikamba chake ndani ya Kiswahili. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Baba alianguka mtoni na sanduku la dawa za chanjo. Dawa zilipona, madigadi ikapasuka. Kesho yake alitakiwa awe upande wa pili wa kilima kabla ya ng'ombe kutawanyika. Mama yake Mama, huyu ambaye jina lake ni langu, alikuwa mshonaji wa vibuyu. Kwetu kibuyu cha kunywea uji kikipata ufa hakitupwi. Kinatobolewa kandokando na kushonwa kwa waya wa shaba, na kikishashonwa huheshimiwa kuliko kipya. Mama alikuwa amejifunza kwa kutazama, hajawahi kushona hata kimoja. Usiku haujaingia akaichukua ile plastiki ya serikali, akaishona kama kinavyoshonwa kibuyu kilichopasuka. Ofisi ilipomletea Baba madigadi mpya, aliirudisha stoo. Alisema anayo.

"Kila akishuka pale mlimani," Mama alimwambia fundi, "wengine walikuwa wanaangalia rangi. Mimi nilikuwa naangalia kama imeshika."

Nilitaka kumdanganya, nikiri wazi. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni: imeibwa, imepotea. Lakini alikuwa ananitazama.

"Niliiacha River Road," nikasema. "Waliicheka, na mimi nikacheka nao. Nikamwambia yule mama aitupe."

Nikalia. Nina miaka hamsini na nililia katikati ya ploti, chini ya suruali za watu zilizoanikwa. Mwenye ploti akaingia ndani kwa heshima. Kaka, ambaye nilitegemea afurahi, hakufurahi. Alikuwa anaifungua kamba begani polepole mno, akitafuta fundo ambalo halikuwapo. Nikampigia simu yule muuza spea, namba ilikuwa kwenye risiti. Alisikiliza mpaka mwisho. Wale wa kununua plastiki ya kusaga, alisema, walikuja Alhamisi. Akasema pole mara tatu, na nikajua anaisema kweli.

Mama hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alianza kuizunguka pikipiki akiegemea fimbo, kama anayemsindikiza mgeni, na mimi nikajua kwamba anaiaga. Alipofika ubavu wa kushoto akasimama. Hajui kusoma sana, ila maneno hayo mawili anayajua.

"Mungu mbele," alisoma. Akainama. "Na huyu Mungu, amewekwa kuficha nini?"

Fundi akageuka akaangalia tangi la maji. Mama akaingiza ukucha, akakibandua kibandiko chote kwa mkupuo mmoja. Ufa ukaonekana, mweupe juu ya manjano.

"Nani?"

"Ni mimi. Nilikaza kabla zote hazijashika."

Hapo Mama akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi, mpaka ikabidi kaka ampe mkono asianguke.

"Leteni kiti," akasema. "Leteni jiko, na msumari. Na waya."

Waya wa shaba alikuwa nao fundi, wa koili iliyoungua, mfukoni mwa ovaroli kama kila fundi. Jiko likaletwa na jirani. Mama akaketi karibu na ile kava, goti limenyooka, akadai msumari mwekundu, na tundu la kwanza akalitoboa kwenye ncha kabisa ya ufa, pale unapoishia.

"Hapo ndipo unaufungia njia," akasema. "Usipoufungia, utaendelea kutembea hata ukiushona."

Fundi alichuchumaa. "Mama, hiyo mimi nilifundishwa na fundi wa ndege," alisema. "Wewe ulifundishwa na nani?"

"Na mama yangu, wajina wa huyu," akasema Mama, akininyooshea msumari, kisha akajishtukia na kucheka tena. "Na huyu mwenyewe."

Alishona saa nzima. Mikono ilikuwa inatetemeka akiwa hajagusa plastiki, ikigusa inatulia. Waya unaingia huku, unatoka kule, unavuka ufa, unalegezwa tu bila kuvutwa. Kaka alikuwa ameshika kava isitikisike, ameketi chini kwenye saruji na suruali yake nzuri. Ilipobaki nafasi ya mishono mitatu, Mama akaniwekea waya mkononi.

"Mwaitu, shona."

"Nitaharibu."

"Shona. Usivute mpaka yote ishike."

Fundi alinitazama juu ya miwani. Nikashona. Kisha Mama akaukamata waya kutoka mwanzo, akauvuta mshono kwa mshono, kidogo kidogo, na midomo ya ufa ikasogeleana ikafungana. Mishono yake kumi na mmoja imelingana. Mitatu yangu imelala ovyo, mmoja umekwenda kombo kabisa. Fundi akatoa koleo ili ainyooshe.

"Iache," Mama akamzuia. "Ipo siku mtu atakuja kuuliza ni ya nani."

Akapapasa ubavu wa pikipiki mara moja, wote, toka tundu la juu hadi ncha. Halafu akamwambia kaka arudishe kamba yake kwenye gari, aje ndani anywe chai.